Sifuri Iliyopuuzwa Baba Dogo

Waliokuwa kwenye ile veranda Jumamosi waliona. Fundi alifungua Event Viewer kwenye kompyuta ya mama mmoja, akateremka hadi kwenye alama nyekundu, akabonyeza Kernel-Power 41, akaingia kwenye maelezo yake ya ndani, na hapo, mbele ya BugcheckCode, palikuwa na sifuri. Aliitazama sekunde mbili hivi. Kisha akafunga dirisha, akapapasa mfuko wa shati, akatoa flashi na kusema, "Mama, hii ni Windows tu imechoka. Wacha niifomati."

Akaifomati.

Mashine za aina hiyo ziko kila ploti kuanzia Kariadudu hadi Lucky Summer: ex-UK, i5 ya kizazi cha tatu, RAM ya gigabaiti nane, zilizomaliza kazi katika ofisi za watu Ulaya kabla ya kuanza maisha ya pili hapa. Hii mwenyewe huitumia kwa hesabu za chama, watoto kwa kazi za shule, na usiku inageuka sinema. Kwa wiki tatu ilikuwa inajizima ghafla na kujiwasha tena, bila skrini ya buluu na bila onyo lolote. Ilifanya hivyo zaidi mchana wa siku za kazi, usiku mara mojamoja, Jumapili ni kama haikufanya kabisa. Mwenye mashine aliyasema hayo yote kabla bisibisi haijaguswa, na ugonjwa mzima ulikuwa ndani ya hilo neno "Jumapili". Hakuna aliyelidaka.

Fundi apewe haki yake: alipuliza vumbi, akabadilisha pesti ya prosesa, akapima joto, akachomoa RAM na kuirudisha, na usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameiacha MemTest86 izunguke hadi asubuhi bila kosa hata moja.

Sasa turudi kwenye sifuri. Windows ikianguka kwa maradhi yake yenyewe, iwe ni draiva mbovu, RAM au kadi ya picha, kwa kawaida hupata muda wa kuacha wosia. Huandika namba ya kosa, hutupa faili kwenye folda ya Minidump, na mashine ikiwaka tena tukio la 41 huja limebeba namba hiyo kwa hesabu ya kawaida ya kumi. Ukiona 159, hiyo ni 0x9F, na swali ni la draiva na usimamizi wa nguvu. Ukiona 278 ni 0x116, nenda ukaitazame kadi ya picha. Ukiona sifuri, folda ya Minidump ni tupu, na PowerButtonTimestamp nayo ni sifuri, basi Windows inaapa kwamba haikuona kitu. Ilikuwa kazini, ghafla giza. Hakuna aliyeshikilia kitufe na hakuna programu iliyoteleza.

Mbishi atasema sifuri huweza pia kutoka kwa mashine iliyoganda kabisa, au iliyojizima kwa joto. Ni kweli. Lakini hii haikuganda, ilijiwasha yenyewe. Na joto lilikuwa limepimwa na yeye huyo huyo fundi. Kilichobaki ni umeme: ama ule unaoingia kwenye pawa saplai, ama ule unaotoka. Na hata kama mbishi angekuwa sahihi, kuganda kwa madabodi na joto la prosesa navyo haviponi kwa kufomati.

Kufomati kumegeuka panadol ya mafundi wa mtaa. Kichwa kinauma, fomati. Goti linauma, fomati. Mashine haisomi printa, fomati. Safu hii imelia na jambo hili tangu enzi za Windows XP, na italia tena. Wako watakaotetea kwamba Windows 10 iliishiwa na msaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ilikuwa lazima kusafisha. Hoja hiyo ina kesi yake, nayo haikuwa mezani Jumamosi. Isitoshe, flashi yenyewe ilikuwa ya Windows 10 ile ile.

Kinachouma zaidi ni ushahidi uliochomwa. Ndani ya diski ile palikuwa na orodha ya wiki tatu, kila kuanguka na tarehe yake, saa yake, dakika na sekunde. Mtu angechukua karatasi akazinakili saa zile, kisha akatoka nje akasikiliza. Baba Dogo si mtaa wa kitajiri kama Karen. Hapa viwanda na vyumba vya kulala vimepakana ukuta kwa ukuta, na kando ya barabara kuna vijana wa kuchomelea vyuma waliounganishwa kwenye laini zile zile za nyumba. Mota kubwa ya kiwanda ikianza kuzunguka huvuta mkondo wa mara tano hadi saba ya ule inaotumia ikishatulia. Wakati huo taa ya sebuleni hukonyeza. Mama anayepika haoni, na televisheni inaendelea na kipindi. Orodha ile ilikuwa ramani ya stima ya mtaa mzima, imechorwa na kompyuta bila malipo, na ikafutwa ili mahali pake paje mandhari ya buluu ya Microsoft.

Kwa nini taa ikonyeze tu na kompyuta ife? Stima yetu ni ya hezi 50, yaani wimbi moja huchukua milisekunde 20. Pawa saplai iliyotengenezwa kwa viwango vya ATX hutakiwa kuhimili kiasi cha milisekunde 16 bila chochote kutoka ukutani, ikiishi kwa akiba iliyo ndani ya kapasita kubwa. Hiyo ni saplai mpya. Ile iliyotoka kiwandani zaidi ya miaka kumi iliyopita, ikapikwa kila siku katika ofisi ya watu, kapasita zake zimekauka na akiba imepungua. Konyezo ambalo mwaka wa kwanza lingepita bila habari, leo linaizima.

Na kabla hajatokea mtu wa kusema Fridge Guard: kifaa kile ni cha kulinda kompresa. Voltiji ikishuka hukata na kukungojesha dakika kadhaa, jambo zuri kwa friji na balaa kwa kompyuta isiyo na UPS.

Kuzimika kukubwa hakusumbui mtu kwa utambuzi. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, megawati zaidi ya 180 zikapotea na nchi ikaingia gizani. Yeye mwenyewe akapona. Siku ile hakuna aliyefomati kompyuta, maana hata mtoto alijua ni stima. Konyezo la nusu ya wimbi halina tumbili wa kupigwa picha, ndiyo maana Windows husingiziwa.

Mafundi wa redio wa River Road na Luthuli wa zamani wasingefanya kosa hili. Wale walikuwa na mita ya mshale, pua ya kunusa kilichoungua, na taa ya wati 100 iliyofungwa sirisi na redio. Taa ikiwaka kwa nguvu zote, ndani kuna shoti. Ikiwaka kidogo na kufifia, endelea. Kabla ya hayo yote walikuuliza iliharibika ikiwa inafanya nini, saa ngapi, na nani alikuwepo. Redio haikuwa na cha kufomati, na pengine ndiyo iliyowaokoa.

Desturi hiyo ilikuwepo hata kwenye kompyuta: mwaka 1947, tarehe 9 Septemba, wahudumu wa kompyuta ya Mark II huko Harvard waliandamwa na hitilafu. Walifungua paneli F, rilei ya 70, wakamkuta nondo. Wakambandika kwa utepe kwenye daftari, wakaandika saa: tisa na dakika arobaini na tano alasiri. Angalia mpangilio: walifungua, wakakuta, wakaandika. Daftari lipo hadi leo.

Wakubwa nao hukosea, tena kwa gharama. Kati ya Mei 2003 na Julai 2005 Dell iliuza kompyuta za OptiPlex zisizopungua milioni 11.8 zilizokuwa katika hatari ya kuharibika kwa sababu ya kapasita zinazovimba na kuvuja kwenye madabodi. Idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Texas ilipoona zake zinakufa, ikaelezwa kwamba chanzo ni kuzipa hesabu ngumu mno! Baadhi ya wateja walibadilishiwa madabodi mbovu kwa nyingine zenye ubovu ule ule. Kampuni ilitenga dola milioni 300 kugharamia marekebisho, na mwaka 2010 nyaraka za kesi zikayaanika mengine. Kikopo kilichovimba kichwa kilionekana kwa macho, lakini lawama ilipelekwa kwa hesabu.

Jumamosi ile ilihitaji mita na subira ya nusu saa. Waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, mashine ikiwa inafanya kazi nzito. Kile kitaa cha kijani nyuma ya saplai kisikudanganye, maana huwaka hata pasipo mzigo. Hata hivyo mita ya kawaida haioni tukio la milisekunde. Jaribio la kweli lilikuwa kuazima UPS ya jirani kwa siku moja ya kazi. Isipoanguka, umepata nusu ya jibu. Kisha uondoe UPS na uazime pawa saplai. Ikihimili makonyezo ambayo ile ya zamani haikuhimili, umepata nusu ya pili. Badilisha kimoja kwa wakati.

Jumatatu saa tano asubuhi ng'ambo ya ukuta walianza kuchomelea geti. Kompyuta, Windows yake ikiwa na umri wa siku mbili, ikajizima na kujiwasha. Kijana wa kidato cha tatu, mtoto wa mwenye nyumba, ndiye aliyeleta saplai kutoka kwa mashine ya shangazi yake iliyokufa skrini. Ile ya zamani ilipofunguliwa, vichwa viwili vya kapasita vilikuwa vimevimba kama mandazi, na kimoja kimeacha doa la kahawia kwenye bodi.

Kabla ya kufomati, fundi alikuwa ameuliza kama kuna kitu cha maana, akanakili vilivyokuwa kwenye Desktop. Hesabu za chama zilikuwa kwenye Documents. Sasa mama anaziandika upya kutoka kwenye meseji za M-Pesa, moja baada ya nyingine, kuanzia Januari.