Konokono Mchonga Funguo

Mama alipopoteza ufunguo wa nyumba yake Butiama, nilimpelekea fundi mmoja pale Bunda ufunguo wangu ili anichongee mwingine. Aliubana kwenye jiliwa pamoja na ufunguo mtupu, akachukua tupa, akaanza. Anasugua, anapuliza vumbi la shaba, anainua kwenye mwanga, anasugua tena. Nikamuuliza kwa nini mpini haufanani. "Kufuli halioni mpini, mwalimu. Linaona meno."

Nyumbani kwangu Musoma nina gamba nililoletewa kutoka Unguja: umbo la pia, michoro ya hudhurungi kama ramani. Mwenye gamba ni Conus geographus. Sisi wa ziwani tumemzoea konokono wa kichocho. Huyu wa baharini hula samaki, tena kwa mwendo uleule wa konokono. Hutanua mdomo kama wavu na kumwaga majini insulini inayofanana na ya samaki. Samaki wakishalegea kwa kupungukiwa sukari, anawameza, kisha anawachoma kwa jino lenye tundu, mshale na sindano kwa pamoja. Binadamu pia amewaua, kwa hiyo anayeokota maji yakipwa asimguse.

Ndani ya sumu hiyo mna kontulakini-G, iliyoelezwa mwaka 1999 na kundi la Baldomero Olivera, Mfilipino wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Ni mnyororo wa asidi amino 16. Ubongo wetu una wake, nyurotensini, wenye 13, ambao seli za neva hutumia kupelekeana habari. Ilaze minyororo hii sambamba. Sehemu kubwa kila mmoja una njia yake, lakini nne za mwisho, prolini, tirosini, isolusini na lusini, ni zilezile kwa mpangilio uleule. Hata mbili zinazozitangulia, ingawa ni tofauti, zote zina chaji chanya. Na mkia huo ndio unaoingia kwenye kipokezi cha seli.

Halafu fundi huyu kaongeza lake: kwenye asidi amino ya 10 kapachika sukari. Ufunguo wake hukishika kipokezi kwa ulegevu kuliko wetu, lakini katika panya umetuliza maumivu kwa nguvu kuliko nyurotensini yenyewe. Hapo ndipo huwa naweka kitabu chini na kulitazama gamba. Ndugu yake, Conus magus, alishatupatia zikonotidi, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, ingawa hiyo huziba mlango wa kalisiamu, kazi nyingine kabisa.

Konokono hana jiliwa wala macho ya kuona meno hayo. Tupa yake ni vizazi: ambaye sumu yake haikukaa sawa alilala njaa, ambaye ilikaa aliacha watoto, kwa mamilioni ya miaka.

Jioni ile nilifika Butiama. Mama aliugeuzageuza ufunguo mpya, akasema mpini huu si wake. Akauingiza kwenye kufuli, likafunguka.