Kinachogonga Nyuma ya Datsun

Kabla ya kushika spana, fundi huyu wa Eneo la Viwanda, Nairobi, huuliza. Mwenye Datsun 240Z ya mwaka 1972 ameingia gerejini akiwa na hukumu tayari: "Mzee, difu imekufa. Kule nilikotoka wamesema tutafute nyingine." Mzee anajifuta mikono, anazunguka nyuma ya gari, kisha anamjibu, "Difu hatujaiuliza bado." Maswali yanaanza. Inagonga ukiachia klachi, au ukiachia mafuta? Mara moja au mfululizo? Hata kwenye lami laini, au mashimoni tu? Na ukiwa mwendo wa kasi, gari linakwenda unakolielekeza au lina njia yake?

Inagonga mara moja, ko!, akiondoka kwenye taa, na tena kila anapobadilisha gia. Halafu kuna jambo jingine, ambalo mwenye gari analitaja kama nyongeza tu: kwenye kona ndefu, akikanyaga mafuta mkia unasogea upande mmoja, akiyaachia unarudi. Mzee anayaandika yote mawili ukutani kwa chaki, moja juu na jingine chini, na kupitisha mstari katikati. Mstari huo ndio ulionifanya nibaki pale kutazama. Fundi mwenye haraka angeyafanya ugonjwa mmoja na kuutafutia dawa moja.

Gari lenyewe linastahili uangalifu wa namna hiyo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa 240Z, na nyuma yao wakaingia Shekhar Mehta na Mike Doughty kwa 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta, safari hii na Lofty Drews, akashinda kwa gari la aina hiyohiyo, baada ya kulingana alama na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 180B. Lina injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393. Ila siri yake kwenye barabara mbovu iko nyuma. Magari mengi ya enzi zake yalikuwa na ekseli moja ngumu inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma. Kwenye 240Z kila gurudumu linacheza kivyake. Difu haipandi na kushuka pamoja na magurudumu. Imefungwa chini ya bodi: pua yake imekaa juu ya raba nene, na nyuma inashikwa na upau wa chuma uliopinda, wenye bushi kwenye kila ncha. Kutoka hapo hafu shafti mbili hupeleka nguvu kwenye magurudumu, kila moja ikiwa na krosi mbili. Ukijumlisha na mbili za propela, unapata krosi sita. Mikono ya chini nayo ina bushi za raba, ndani na nje.

Chochote kati ya hivi kikilegea kinaweza kutoa ko! ileile. Na kwa kuwa nafasi ya mizigo haijatenganishwa na viti, bodi yote ya nyuma inavuma kama ngoma. Sauti iliyozaliwa kushoto utaapa kwamba inatoka kulia.

Kwa hiyo Mzee anaanza na vitu visivyogharimu kitu. Tairi la spea linatolewa, jeki inatolewa, na vifaa vyote vilivyofichwa nyuma ya viti vinatolewa. Anatikisa bomba la moshi kwa mkono kuona kama linagusa bodi. Anapima upepo wa matairi. Halafu anapitisha kiganja juu ya kila tairi la nyuma, kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Tairi la kulia ni laini kotekote. La kushoto ni laini likipapaswa upande mmoja na linakwaruza likipapaswa upande wa pili: kingo za vijino vyake zimechongeka. Hilo ni gurudumu lisilotazama mbele sawasawa. Haligusii, ila anarudi ukutani na kuweka nukta ya chaki kwenye lile jambo la chini.

Barabarani anaendesha mwenyewe, madirisha yote yamefungwa. Anakanyaga mafuta taratibu, anasikiliza, anaachia, anasikiliza, anatia gia huru na kuliacha gari liserereke, anasikiliza tena. Meno ya difu yaliyolika hulia kwa sauti nyembamba, na mlio huo hubadilika mafuta yakikanyagwa au yakiachiwa. Beringi ya gurudumu haijali mafuta. Hunguruma kufuata mwendo, na ngurumo hubadilika uzito wa gari ukihamia upande mmoja. Ndiyo maana, barabara ikiwa tupu, anayumbisha usukani kidogo kushoto, kidogo kulia. Mlio mwembamba haupo wala ngurumo haipo. Ipo ko! peke yake, na huja pale tu nguvu inapogeuka kutoka kusukuma kwenda kuzuia.

Gari linarudi na kupelekwa juu ya shimo, si kwenye jeki. Mtu asiye fundi hawezi kujua uzito wa uamuzi huu. Ukiliinua 240Z magurudumu yakaning'inia, mikono inashuka, hafu shafti zinapinda kwa pembe ambayo barabarani haipatikani, na raba zinajinyonga. Unakagua gari jingine kabisa. Juu ya shimo linasimama kwa magurudumu yake, kama linavyosimama mahali linapougulia.

Mzee anashuka na tochi. Anashika propela na kuizungusha kidogo huku na huku, akiweka kidole kati ya yoki na kikombe cha krosi, kwa sababu kidole hukamata mchezo ambao jicho haliuoni. Anatafuta pia vumbi jekundu kuzunguka vikombe, dalili kwamba grisi imekwisha na vyuma vinasagana vikavu. Krosi zote sita ni nzima. Anafungua mafuta ya difu, anayapikicha kati ya vidole na kuyapeleka kwenye jua. Hayana chembe za chuma. Kisha anaweka kipande cha mbao juu ya jeki ndogo, anakisogeza chini ya pua ya difu na kupandisha kidogo tu.

Raba ikafunguka. Mpasuko ulikuwa umepita kutoka ukingo hadi ukingo, bamba la chuma la juu limeachana kabisa na la chini. Nguvu inayosukuma magurudumu huinua pua ya difu. Mkanda wa kitambaa kigumu uliopita juu yake huizuia isipande sana. Mkanda huu nao ulikuwa umelegea. Ukiachia mafuta, pua inaanguka: ko! Mzee anaonyesha kwa tochi mahali mafuta yalipokuwa yakivuja kutoka sili ya mbele ya difu, tone kwa tone, yakiilainisha raba hadi ikachanika. Sili itabadilishwa kwanza. Raba mpya chini ya sili inayovuja itakufa kifo kilekile.

Limebaki jambo la chini ya mstari. Kwa mtaimbo anabonyeza mkono wa chini wa kulia, hausogei. Wa kushoto unateleza kwa mbele, karibu na gurudumu, kisha unarudi. Bushi za nje zimekwisha. Gurudumu likisukumwa na injini linajielekeza lenyewe, na mkia wa gari unalifuata.

Kubadilisha bushi hizo ndiyo kazi inayowavunja mafundi moyo. Pini moja ndefu inapita kitako cha shoko na bushi zote mbili, na katikati imefungwa kwa kabari ndogo. Baada ya nusu karne, kutu imeifanya pini na kitako kuwa chuma kimoja. Kijana wake alikuwa ameshashika nyundo. "Weka chini, mwanangu," Mzee alimwambia bila kupandisha sauti. "Ukiipiga kichwa kinafura, na kikifura haitoki kamwe." Wakatoa kabari, wakapulizia mafuta ya kutu, wakafunga gereji.

Kesho yake alikuja na kifaa alichokitengeneza mwenyewe: kipande cha bomba nene, washa mbili, fito yenye nyuzi na nati ndefu ya kuiunganisha na ncha ya pini. Bomba likaegemea kitako, fito ikapita ndani yake. Alikipasha kitako moto wa gesi, akakaza nati robo mzunguko, akangoja. Robo nyingine, akangoja. Nati ilipokuwa ngumu kupita kiasi hakuongeza nguvu. Aliongeza moto na mafuta, akaenda kunywa chai. Pini ilitoka mchana, imenyooka, nyuzi zake zote salama.

Wakati wa kurudisha, nati za bushi zilishikizwa tu. Gari likashushwa, likasukumwa mbele na nyuma ili likae vizuri, na ndipo akazikaza. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, raba hufungwa ikiwa imejinyonga na haimalizi mwaka.

Difu iliyobaki chini ya gari lile ni ileile lililokuja nayo. Nawe uliye na gari la spoti la zamani, ukiambiwa difu imekufa, omba kwanza raba ya pua iinuliwe kwa jeki na kipande cha mbao, mbele ya macho yako.