Mistari Miwili ya Bonde la Mkondoa

Anayetaka kuisoma Reli ya Kati ya Tanzania kwa makini na aanze na jaribio dogo. Achukue ramani ya kipande cha Kilosa hadi Dodoma, aifute kwa jicho la akili rangi yote ya samawati, kisha aufuate mstari mweusi wa reli peke yake. Kati ya Kilosa na Gulwe mstari huo hautulii: unapinda, unarudi ulikotoka, unaambaa na ukingo usioonekana, unavuka kitu ambacho hakipo tena kwenye karatasi. Hakuna mhandisi anayechora hivyo kwa hiari yake. Huo ni mwandiko wa Mto Mkondoa uliobaki ndani ya wino wa reli. Ukishapita Gulwe na kuelekea Msagali, Igandu na Ihumwa, mtindo unabadilika. Mipindo inalegea, vipande vilivyonyooka vinarefuka, na reli inaingia Ugogo kwa mwendo wake yenyewe. Mstari mmoja, basi, una mitindo miwili, na wa kwanza umeazimwa kwa maji.

Sababu ya kuazima imo kwenye kontua. Kilosa iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, Dodoma zaidi ya mita 1,100, na katikati yao imesimama milima. Kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann, iliyoanza kujenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilihitaji mwinuko mpole ambao treni za geji ya mita zingeweza kuupanda, na mwinuko huo ulikuwa umekwisha kuchongwa na mto. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Mpwapwa, kituo cha misafara tangu zamani, iliachwa pembeni, na Gulwe ikapewa stesheni. Ramani haitoi maelezo ya uamuzi huo, lakini inauonyesha: majina makubwa ya enzi ya misafara yanabaki mbali na mstari, na majina madogo ya kando ya mto yanapata nukta nyeusi.

Ramani za Wajerumani za skeli ya 1:300,000, zilizochapishwa Berlin na Dietrich Reimer, zinastahili kutazamwa kwa muda mrefu. Zilijengwa kwa kuunganisha kumbukumbu za njia za wasafiri na maofisa waliopima kwa dira na saa. Kwa hiyo maarifa yake yana umbo la njia: pale msafara ulipopita, vilima na vijito vinasongamana, nje ya njia karatasi inabaki nyeupe. Mto katika ramani ya namna hii huanza kujulikana mahali ulipovukwa. Kipande kilichoonekana kinachorwa kwa mstari kamili, na kile kilichodhaniwa, au chenye maji ya msimu tu, huchorwa kwa vistari vilivyokatika. Reli inapoingia katika picha hiyo, inaingia bila kukatika, nzito na yenye uhakika. Hapo jicho linapewa daraja za thamani kabla halijasoma hata jina moja: reli ni jambo thabiti, mto ni jambo la kubahatisha.

Mto wenyewe unasaidia kuijenga dhana hiyo. Unabadilisha majina njiani, ukiwa Kinyasungwe unapokusanya maji ya Ugogo, kisha Mkondoa milimani, na hatimaye Wami unapoelekea bahari. Na huko juu, kwa sehemu kubwa ya mwaka, ni mchanga mkavu ambamo watu huchimba visima. Vistari vilivyokatika havisemi uongo. Vinasema ukweli wa Agosti. Ramani haina majira, na ikilazimika kuchagua moja huchagua lile lililomruhusu mpimaji kupita.

Picha za enzi hiyo zina tatizo lilelile, ila zenyewe zinaacha ushahidi. Walther Dobbertin, aliyekuwa na biashara ya upigaji picha Dar es Salaam kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambaye kazi zake zimo leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani huko Koblenz, ndiye jina linalojulikana zaidi, lakini ninachokizungumzia ni mtindo wa pamoja wa wapiga picha wa reli. Mtindo huo una vituo viwili vya jicho. Cha kwanza ni juu ya tuta, kamera ikiwa katikati ya reli mbili zinazokwenda kukutana kwenye upeo. Hapa nyika ya Dodoma inakuwa pambo la pembeni, na kila kichaka kinaelekezwa na mistari ya chuma. Picha hizi huzaa athari moja tu, nayo huisha upesi.

Kituo cha pili ni chini ya daraja, na hicho ndicho kinachonivuta. Kamera inatazama juu. Boriti za chuma zinakata anga, nguzo za mawe zinashuka kwa nguvu, kivuli kizito kinalala juu ya mchanga. Wafanyakazi wamepangwa juu ya daraja ili mtazamaji apate kipimo cha ukubwa. Maelezo chini ya picha za aina hii hutaja daraja, na aghalabu hunyamaza kuhusu watu, ambao wengi wao katika ujenzi wa reli hii walikuwa vibarua wa Kiafrika, Wanyamwezi wakiwa kundi kubwa. Ni upungufu wa kimaadili, na pia wa kifani, kwa sababu miili hiyo ndiyo inayoiwezesha picha kusomeka.

Tazama sasa alikosimama mpiga picha. Kuupata mtazamo huo ni lazima aweke kamera yake ya miguu mitatu kwenye kitanda cha mto chenyewe. Mahali pale panasimamika wakati wa kiangazi tu; kati ya Desemba na Aprili pangemmeza. Pembe ya picha, kwa hiyo, ni tarehe. Na iliyo muhimu zaidi ni nafasi iliyo wazi kati ya mchanga na boriti. Mtazamaji wa haraka huiona kama utupu, au hata kama majivuno ya mhandisi aliyejenga daraja refu juu ya kijito. Lakini urefu ule ulikisiwa kwa kufikiria mafuriko. Utupu ule ndio picha ya mto: maji yamechorwa kwa kutokuwepo kwake, kwa ujazo ambao chuma kimeuachia. Sijui picha ya mto wa nyanda kavu iliyo sahihi kuliko hiyo, ingawa hakuna dalili kwamba aliyeipiga alikusudia kuupiga mto.

Vita vya mwaka 1916, ambavyo vilimfikisha Jenerali van Deventer wa majeshi ya Afrika Kusini mjini Dodoma mwezi Julai, viliongeza picha za madaraja yaliyolipuliwa na majeshi ya Wajerumani yaliyokuwa yakirudi nyuma. Zinasisimua, lakini hazitufundishi sana umbo. Baruti huvunja kwa fujo.

Maji hayavunji hivyo. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalipoifagia njia kati ya Kilosa na Gulwe, picha zilionyesha jambo ambalo mtindo wa kale haukuwa na nafasi nalo: reli na mataruma yake zikining'inia hewani, bado zimeungana, tuta likiwa limeondoka chini yake. Ule utupu uliokuwa chini ya daraja umehamia chini ya njia yote. Mto haukuukata mstari wa reli. Uliondoa hoja iliyoushikilia. Tena kila mwaka vijito vya pembeni huleta mchanga unaoinua kitanda cha mto, hata nafasi iliyopimwa zamani chini ya boriti inapungua polepole. Picha ya kale na mahali penyewe vinazidi kutofautiana, bila mtu kugusa chochote.

Ramani za reli mpya ya geji sanifu, SGR, ambayo treni zake za abiria zilianza kufika Dodoma mwaka 2024, zimegeuza alama. Njia mpya inafuata ukanda uleule, Kidete na Gulwe zikiwemo, lakini kwenye milima ya Kilosa inapita kwenye mahandaki, na handaki kwa desturi ya wachoraji ramani huchorwa kwa vistari vilivyokatika. Sasa, katika michoro ya bonde hili, reli ndiyo inayokatika. Picha zake nyingi hupigwa kwa droni, kutoka juu, na hapo daraja linakuwa utepe usio na chini: ule ujazo ulioachiwa maji hauonekani tena hata kidogo.

Wachoraji ramani wana jukumu ambalo hawajalitimiza. Mkondoa unahama ndani ya bonde lake, na kwa hiyo hauwezi kusemwa kwa mstari mmoja, uwe kamili au wenye kukatika. Unahitaji kuchorwa kama ukanda wenye upana wa mafuriko yake, rangi ikififia kuelekea kingo, na reli zote mbili, ya geji ya mita na ya SGR, zionekane ni wapi zimo ndani ya ukanda huo na ni wapi zimetoka.