Herufi za Mwanzo na Ukoo wa Maneno: Uhakiki wa Mpangilio wa Kamusi za Kiswahili

Anayefungua kamusi ya Kiswahili penye KI hukutana na mkusanyiko wa ajabu: kiatu, kiberiti, kilo, kima, kiongozi, kitabu. Vitu hivyo havihusiani kwa lolote isipokuwa herufi mbili za mwanzo, na hata herufi hizo hazifanyi kazi moja. Katika kiatu na kiongozi, ki- ni kiambishi cha ngeli. Katika kilo na kima ni sehemu ya neno lenyewe, ndiyo maana Kiswahili sanifu hakisemi vilo wala vima. Katika kitabu na kiberiti, yaliyotoka katika Kiarabu, ki- ilikuwa sehemu ya neno, kisha wasemaji wakaichukua kama kiambishi, wakapata vitabu na viberiti. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mpangilio wa alfabeti, ambao wengi huudhania kuwa jambo la mpiga chapa tu, ni uamuzi wa kiisimu, na kwamba mwanafunzi wa Kongo ndiye anayeubeba mzigo wake.

Mpangilio unaokusanya wageni hutawanya ndugu. Kutokana na kitenzi ongoza tunapata kiongozi, mwongozo na uongozi; la kwanza limo katika K, la pili katika M, la tatu katika U. Maneno ya mkopo nayo hayasalimiki. Kitabu, katibu, katiba, maktaba na mkataba yote yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye konsonanti k-t-b, lakini msomaji wa kamusi hapati dalili yoyote ya undugu huo. Atakayetunga kamusi elezo kwa Kiswahili atakuta Ufaransa, Ubelgiji, Ureno na Ujerumani zimesongamana katika U, wakati Mfaransa yumo katika M na Kifaransa katika K: nchi, mtu na lugha yake vimetengana kwa mamia ya kurasa.

Watunga kamusi wamelijibu tatizo hili kwa njia mbili. Kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, iliwekea majina mengi yaliyonyambuliwa nafasi chini ya vitenzi vyake. Doke na Vilakazi walikwenda mbali zaidi katika kamusi yao ya Kizulu ya mwaka 1948, wakapanga maneno kwa mashina. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam na kutolewa mwaka 1981, ilifuata njia nyingine: vitenzi vya mnyambuliko vimo chini ya kitenzi mama, lakini kila jina linasimama penye herufi yake ya kwanza.

Njia ya Johnson inamfaa mwanaisimu, kwa kuwa inauweka ukoo chini ya paa moja. Lakini inamtaka msomaji ajue mapema kwamba mpishi ni wa pika, mlevi ni wa lewa, mfuasi ni wa fuata na mwizi ni wa iba. Kwa maneno mengine, inamdai ujuzi uleule alioufuata kamusini. Njia ya Dar es Salaam inamhurumia mtafutaji, lakini inamnyima picha ya lugha: hujua maana ya neno moja moja, asijue jinsi maneno yanavyozaliana. Hata huruma hiyo ina mipaka, maana anayekutana na nyuzi au meno sharti kwanza ajue uzi na jino.

Hapa ndipo hali yetu ya Kongo inapodai kutazamwa. Katika Kiswahili kinachosemwa Lubumbashi, watu ni batu au bantu, vitu ni bitu au bintu, mtoto ni mutoto, na mtoto mdogo ni katoto, wingi wake tutoto. Viambishi ka- na tu- si makosa ya kubahatisha. Ni ngeli kamili, zilizo hai pia katika Kiluba na Kibemba. Basi tofauti kati ya Kiswahili chetu na kile cha kamusi imekaa hasa mwanzoni mwa neno, yaani palepale alfabeti inapoanzia kazi. Mwanafunzi anayetafuta bitu katika B, au katoto katika K, hupata ukurasa mtupu. Mwalimu naye, akishaona kwamba neno halimo, huandika kosa kwa wino mwekundu. Hivyo ukimya wa kamusi umegeuka kuwa hukumu, na lugha ambayo Katiba ya mwaka 2006 inaitaja miongoni mwa lugha nne za taifa inaonekana ovyo midomoni mwa wenyewe.

Hatudai kwamba kila umbo la mtaani liitwe sanifu. Tunachodai ni kwamba kamusi itakayotungwa kwa ajili ya shule zetu ifanye mambo matatu. Kwanza, vidahizo vifuate herufi ya kwanza ya neno zima, ili mtafutaji asipotee. Pili, chini ya kila kitenzi kikuu paorodheshwe ukoo wake wote, bila kurudia maana, ili anayetafuta kiongozi aelekezwe kwenye ongoza na kuwaona ndugu zake. Tatu, maumbo ya Kongo yaingizwe mahali pake pa alfabeti, yakitajwa eneo lake na kuelekezwa kwenye umbo sanifu: bitu, tazama vitu, katoto, tazama kitoto.

Pendekezo hili litaongeza kurasa, na karatasi ni ghali. Lakini mstari mmoja wa bitu, tazama vitu, humfundisha mtoto wa Lubumbashi kwamba lugha ya nyumbani kwao na lugha ya darasani ni za ukoo mmoja, na humpa mwalimu sababu ya kueleza kabla ya kusahihisha.