Tundu la Ushanga

Mtu akishika ushanga kwa mara ya kwanza hutazama rangi. Mimi hutazama tundu. Nauinua kuelekea dirishani, nafumba jicho moja, nachungulia. Midomo ya tundu ikiwa imezama ndani kidogo, laini kama kitovu cha mtoto, najua aliyeutengeneza hakuwa na papara. Ikiwa imechongoka, uzi wake hautamaliza mwaka, hata rangi iwe nzuri kiasi gani.

Duka langu lipo Bagamoyo. Ni chumba kimoja chenye baraza, mwendo mfupi kutoka ufukweni. Mbele nauza hereni, mikufu, bangili, vikuku, na shanga moja moja kwa wanaopenda kutunga wenyewe. Kazi yenyewe iko nyuma ya pazia la kanga: meza iliyopigiliwa bati, tochi ya gesi iliyofungwa ukingoni, mtungi wa gesi ya kupikia, mtungi wa oksijeni, na tanuri dogo la umeme lisilozidi sanduku la mwanafunzi wa bweni. Wengi wanaoingia hudhani kwamba nanunua shanga na kuzitunga tu. Naziumba mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na sehemu kubwa ya kioo chake nimeiokota hapa hapa mjini.

Ni chupa. Nazilowesha kwenye ndoo mpaka karatasi ibanduke, nazikata vipande vyembamba, kisha navivuta motoni viwe vijiti vya unene wa penseli. Kahawia ya chupa ya bia inatokana na chuma, salfa na kaboni vilivyochanganywa na mchanga kiwandani. Kijani mara nyingi ni kazi ya kromiamu au chuma. Buluu iliyokolea ni kobalti, na chupa ya namna hiyo nikiipata naificha kabatini kama mtu anayeweka akiba ya sikukuu.

Kabla ya kuwasha moto nachovya vijiti vya chuma cha pua kwenye uji wa udongo mweupe, wa jamii ile inayochimbwa kwenye vilima vya Pugu, kisha naviacha vikauke. Bila udongo huo kioo kingeng'ang'ania chuma na ushanga usingetoka kamwe. Kwa hiyo tundu huanza kabla ya ushanga wenyewe. Kioo huja baadaye kulizunguka.

Kisha navaa miwani. Kioo kikipata moto, sodiamu iliyomo ndani yake huwaka njano kali inayoficha kila kitu. Lenzi za miwani hii zimetiwa madini yanayoifyonza njano hiyo, na mara pazia linafunguka: naona kioo kinageuka rangi ya chungwa, kinalegea, kinaning'inia kama asali kwenye kijiko. Mkono wa kulia umeshika kioo, wa kushoto unazungusha chuma. Mzunguko huo hausimami. Ukisimama kwa pumzi mbili tu, kioo kinashukia upande mmoja na ushanga unaota tumbo. Nilipoanza, karibu mwaka mzima uliishia katika kuufundisha mkono wa kushoto uzunguke bila kumngoja mwenzake. Nilimwaga ndoo kwa ndoo za shanga zenye matumbo.

Midomo ya tundu hupatikana mwishoni. Kioo kikitosha, joto hukivuta kuwa duara, na pale kinapogusana na chuma hujikunja chenyewe kuelekea ndani. Kikipungua, ncha hubaki kali kama ukingo wa bati. Kinachotofautisha hali hizo mbili ni tone moja la kioo, na tone hilo huliamui kwa mizani. Unaliamua kwa jicho, wakati mkono ungali unazunguka.

Kuchanganya rangi kuna sheria yake. Kila kioo hutanuka kwa joto na kusinyaa kinapopoa kwa kiasi chake, hivyo chupa mbili zinazofanana kama pacha zaweza kukataa kuishi pamoja. Ili kujua, nachukua ncha ya kijiti hiki na ncha ya kile, nazibandika pamoja motoni, kisha nazivuta kwa mkupuo mmoja ziwe uzi mwembamba kama unywele. Naulaza mezani nangoja. Uzi ukipoa ukabaki umenyooka, vioo hivyo vinapatana. Ukipinda kama upinde, kimoja kinasinyaa kuliko mwenzake, na ushanga wake utapasuka. Kama si leo, basi baada ya miezi mitatu, shingoni mwa mteja, siku ya harusi ya dada yake. Sijapata kuona kipimo rahisi na cha kweli kama hiki. Uzi wa kioo usiofika urefu wa dhiraa unakueleza mambo ambayo macho hayana njia ya kuyajua.

Watu wanaochungulia nyuma ya pazia husifu moto, na moto kweli unapendeza. Sifa ya kazi hii mimi naiweka kwenye kupoa. Ushanga ukitolewa motoni ukaachwa hewani, ngozi yake huganda mapema na moyo wake ungali laini. Moyo unapoganda nao huivuta ngozi, na mvutano huo unabaki humo bila kuonekana. Ndiyo maana kila ushanga huingia tanurini moja kwa moja. Kwa kioo cha chupa nalishikilia joto kwenye nyuzijoto 550 hivi za Selsiasi, ili ngozi na moyo vilingane, kisha nalishusha taratibu usiku kucha. Asubuhi nauweka ushanga mmoja unaopitisha mwanga katikati ya lenzi mbili za miwani ya jua, zile za polaroidi, nikiwa nimeigeuza lenzi moja mpaka giza liingie. Ushanga uliopozwa vizuri hukaa gizani na lenzi. Wenye mvutano hung'aa kingo zake, na ung'avu huo ndio ufa ambao bado haujatokea.

Usiku mmoja umeme ulikatika saa tatu, tanuri likiwa limejaa. Nilikuwa na oda ya mikufu minane ya kwaya, na shanga zake zote zilikuwa humo. Nilikaa kwenye kigoda nikisikiliza. Kioo kinachopasuka tanurini kina mlio mdogo, kama punje ya mahindi kwenye kikaango kilichofunikwa. Nilihesabu milio mpaka nikaacha kuhesabu. Asubuhi niliwapigia simu wanakwaya nikawaambia ukweli, wakanipa wiki mbili. Tangu siku hiyo chungu cha majivu ya moto hakikosekani juu ya jiko la mkaa pembeni ya meza yangu. Umeme ukienda, shanga hulala majivuni, zinapoa polepole, na umeme ukirudi nazipasha upya tanurini.

Mteja ninayemkumbuka kuliko wote alikuja saa za alasiri, ajuza aliyejitanda kanga mbili.

"Hodi."

"Karibu bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni wewe mwenye kuchoma shanga?"

Akaketi, akafungua pindo la kanga, akatoa uzi wa shanga nyekundu. Mmoja ulikuwa umepasuka. Alitaka mwenzake. Hakusema ni za wapi mwilini na mimi sikumuuliza. Shanga za kiunoni zina makungwi wake na mahali pake pa kuzungumziwa. Aliniambia tu kwamba alizipata kwa mama yake, na mama yake alizipata kwa bibi yake. Niliushika ule uliopasuka nikautazama kwenye mwanga. Nje ulikuwa mwekundu. Ndani, kuzunguka tundu, ulikuwa mweupe pepe.

Niliijua sura hiyo kwa kuisoma. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipoanza safari ya bara mwaka 1857 kutokea pwani hii hii, aliandika kwa kirefu juu ya shanga, kwani ndizo zilizokuwa fedha ya njiani, pamoja na nguo na waya. Kitabu chake cha 1860 kinazitaja aina zake na vipimo vyake: kete kumi kufanya fundo moja, na kadhalika. Ile iliyopendwa mno ilikuwa nyekundu yenye moyo mweupe, iliyoitwa samisami. Ilikuwa na majina mengine ya mitaani. Moja lilimaanisha kimaliza chakula, kwa kuwa mtu aliacha mlo wake ili aipate. Lingine lilimaanisha kivunja-mji. Watu wa pwani waliotunga majina hayo walielewa ushanga ni nini.

Shanga hizo zilitoka Venice, mji ambao tanuri zake za kioo zilihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291 kwa hofu ya moto. Huko nako wanawake walikaa vibarazani na sinia za mbao mapajani, wakichota shanga ndogo kwa sindano nyingi kwa mpigo. Nawafikiria mara nyingi, kwa sababu mikono yao ilizigusa shanga hizo kabla hazijafika kwetu. Kisha wapagazi walizibeba begani kutoka Bagamoyo kwenda bara, na misafara ilirudi na pembe za ndovu, na watu waliofungwa minyororo pia. Mwenye kuuza shanga katika mji huu hawezi kulisema la kwanza akalinyamazia la pili. Ushanga ule ule uliompamba bibi harusi ulinunua binadamu.

Wala hatukuwa wanunuzi tu. Zamani sana kabla ya Burton, takriban miaka elfu moja iliyopita, watu wa bonde la Limpopo karibu na Mapungubwe walichukua shanga ndogo zilizoletwa kwa Bahari ya Hindi, wakaziyeyusha, wakazisubu upya katika kalibu za udongo ziwe shanga kubwa za mtindo wao. Wakrobo wa Ghana mpaka leo hutwanga chupa zikawa unga, wakaujaza unga huo kwenye kalibu za udongo, na katikati husimamisha kikonyo cha jani la muhogo. Tanurini kikonyo huungua, na pale kilipokuwa hubaki tundu. Niliposoma habari ya kikonyo hicho nilisimama nikacheka peke yangu kwa furaha. Kumbe fundi wa mbali ambaye sitamwona maishani anahangaika na swali lile lile ninaloamka nalo kila siku: utaliachaje tundu?

Ushanga wa bibi ulinichukua siku tatu. Nyekundu haitoki kwenye chupa; inahitaji seleniamu na kadimiamu, au shaba iliyopikwa kwa ujuzi, au hata dhahabu. Kwa hiyo nyekundu ni kioo ninachonunua, na vijiti vyangu vinatoka Murano kama zamani. Nilizungusha nyeupe kwanza, ndogo kama punje ya mtama, kisha nikaivika nyekundu kwa safu nyembamba. Wa kwanza ulikuwa mnene. Wa pili, wa tatu, nyekundu iliungua ikawa rangi ya ini. Wa sita ulikaa.

Aliporudi nilimwekea kiganjani. Hakuutazama. Alipitisha kidole gumba, upande huu na upande ule, polepole, juu ya midomo ya tundu.

"Huu hautakata uzi," akasema.

Nilitaka kumpa bure. Akakataa, akafungua tena pindo la kanga, akalipa.

Wapo wanaoniambia, "Dada, Kariakoo napata fungu zima kwa bei ya huu mmoja." Ni kweli, na shanga zile za mashine nazipenda, bila hizo urembo wetu mwingi usingekuwepo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, nami kwa uzoefu wa duka langu naona kizuri huhitaji kwanza kuonyeshwa. Basi namkaribisha mteja nyuma ya pazia, nampa miwani, nachoma ushanga mmoja mbele yake. Dakika kumi na tano hivi. Anaona mkono unaozunguka, anaona tone, anaona ninavyouingiza tanurini na kumwambia kwamba hata mimi sitaushika mpaka kesho. Kesho nitaulowesha, niutoe kwenye chuma, niukwangue udongo ndani ya tundu nikiwa nimeuzamisha majini, kwani vumbi lake ni adui wa mapafu. Wengine huondoka bila kununua. Wengi hurudi kesho yake kuuona ushanga wao.

Sijatajirika kwa kazi hii. Imenilipia kodi ya chumba na ada za shule, na imenipa jambo la kulifanya vizuri kila siku. Nikitembea ufukweni jioni nikaona kipande cha chupa kilicholainishwa na mawimbi, nakiokota, nakiweka mfukoni, na najua kesho kitakuwa nini.

Ukipita Bagamoyo, au popote unapouziwa ushanga wa mkono, uinue kwenye mwanga kabla hujauliza bei. Chungulia tundu. Pitisha kidole gumba kama alivyofanya yule bibi. Na kama nyumbani mna chupa ya buluu iliyokolea, ya dawa ya zamani au ya chochote, tafadhali msiitupe. Nileteeni.