Ukumbi Usio na Madirisha

Jua la Dar es Salaam halizami baharini. Jiji limeelekea mashariki. Coco Beach huliona jua likichomoza majini, na jioni jua hilohilo hutua nchi kavu, nyuma ya majumba, huko Ubungo na kwingineko. Hata hivyo, kila msimu wa harusi hawakosekani maharusi wanaotaka picha ya machweo ufukweni Oyster Bay, kama ile waliyoiona kwenye simu. Mpiga picha anayeijua kazi yake habishani nao. Huwauliza tu kama wako tayari kuamka alfajiri, au kuvuka upande wa pili wa rasi ya Msasani, pale Slipway, ambako ufuko umegeukia magharibi na jua linazama ghubani. Wenye nafasi zaidi huwashauri wapande boti waende Unguja, maana Forodhani huangalia machweo uso kwa uso.

Kuchagua mahali pa kupigia picha za harusi ni ufundi. Haumo kwenye bei wala kwenye risiti, ndiyo maana umesahaulika kirahisi. Fundi wa kweli huenda ukumbini siku kadhaa kabla, saa ileile ambayo shughuli itakuwa imepamba moto, bila kamera. Husimama katikati ya sakafu, akanyoosha mkono, akauzungusha taratibu huku akitazama kivuli cha vidole kinavyoangukia kiganjani. Hugeuka kidogo, akatazama tena. Huuangalia ukuta: ukiwa wa kijani, anajua mashangazi watakaokaa kando yake watatoka na nyuso za wagonjwa. Huinua macho darini. Dari nyeupe na ya chini itamrudishia mwanga laini wa flashi, ya mbao nyeusi itaumeza wote. Mwisho huuliza bibi harusi ataingilia mlango gani, mama mzazi ataketi wapi, na kati ya hapo na hapo pana nini.

Swali hilo la mwisho ndilo zito.

Maharusi wa mjini siku hizi wanataka aina mbili za picha kwa mkupuo mmoja. Wanataka picha za kijarida, bibi harusi amesimama kama mwanamitindo, gauni limetandazwa, na jengo lenyewe limo kwenye picha kama mgeni mwalikwa. Papo hapo wanataka picha za matukio, ambazo hakuna aliyeambiwa atazame kamera: baba anafuta miwani iliyolowa machozi, wifi anapiga kigelegele, mtoto amelala chini ya meza ya keki. Picha za kwanza zinahitaji ukuta. Za pili zinahitaji njia. Mahali penye vyote viwili, yaani mandhari yenye sura na nafasi ya watu kupita bila kupangwa, ni pachache, na kupajua kunataka miaka.

Mfaransa Henri Cartier-Bresson, ambaye wapiga picha za matukio duniani kote humhesabu kama mwalimu, alilielewa hilo mapema. Mwaka 1932, katika mji wa Hyères, alipiga picha ya mwendesha baiskeli akipita chini ya ngazi ya mzunguko yenye vyuma. Mwenye baiskeli alipita mara moja, akaenda zake. Ngazi zilikuwa pale siku zote, na aliyezichagua ni yeye.

Kwa pwani yetu, hakuna mahali panapoufundisha ufundi huu vizuri kuliko Mji Mkongwe wa Zanzibar. Saa 6 mchana, wakati ufukweni jua limesimama utosini na macho ya kila mtu yamegeuka mashimo meusi, vichochoro vya Shangani na Malindi ndipo vinapopendeza. Jua halifiki chini. Hupiga sehemu ya juu ya kuta, likashuka kwa kudunda kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na kwa kuwa kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa, zenye kukwaruza mkono lakini nyeupe, mwanga unaofika usoni umeshachujwa ukapoa. Mpiga picha mzoefu humsimamisha bwana harusi karibu na bibi harusi, si kwa ajili ya mapenzi tu. Kanzu nyeupe hurudisha mwanga kwenye shavu la mwenziwe lililo kivulini.

Ndani ya nyumba za vichochoro hivyo kuna dirisha. Kabla ya shughuli, bibi harusi huketi karibu nalo akikaushwa piko na hina, mikono ameitandaza juu ya mto, haruhusiwi kushika chochote. Mwanga unaingia kwa ubavu, kupitia nondo za dirisha, na kulala juu ya mkono huo kiasi kwamba kila ua la piko linaonekana limeinuka juu ya ngozi. Mara nyingi mpiga picha wa humo ni mwanamke, kwa sababu wanaume hawana njia ya kuingia, na picha anazopiga huishia katika albamu ya ndani isiyozungushwa kwa wageni. Huenda hizo ndizo picha bora za harusi za pwani, na wachache sana watakuja kuziona. Aliyepachagua pale ni bibi wa bibi harusi, aliyejua tangu zamani kwamba kazi ya hina haifanyiki gizani.

Zamani mpiga picha mwenyewe ndiye aliyekuwa na mahali. Capital Art Studio ya Zanzibar ilifunguliwa mwaka 1930, na kule Mombasa N. V. Parekh alikuwa na studio yake tangu miaka ya 1940. Maharusi walitoka kwenye nikaha wakaenda kwake. Pazia lilikuwa lake, taa zilikuwa zake, kiti kilikuwa chake, na aliyekuja na haraka aliambiwa asubiri. Kamera zilipokuwa nyepesi, mpiga picha akatoka nje kumfuata bwana na bibi harusi. Alipata uhuru mwingi. Akapoteza ukuta wake.

Leo ukuta unachaguliwa na kamati.

Kamati ya harusi ya Dar es Salaam huanza na michango, ikaendelea na idadi ya watu, chakula, vinywaji, mshereheshaji na maegesho. Ukumbi ukishalipiwa ndipo mpiga picha anapigiwa simu. Mzee mmoja wa kazi hiyo, aliyeanza enzi za filamu, akiuliza kuhusu madirisha hupewa jibu moja kwa heshima zote: "Shikamoo mzee. Usiwe na wasiwasi, kuna kiyoyozi."

Kwa hiyo harusi inafanyika ndani ya boksi. Kuta zimefunikwa vitambaa kutoka dari hadi sakafu, hata kama nyuma yake kuna mlango mzuri wa mbao. Vioo vimepakwa giza. Na taa za rangi, zambarau zaidi kuliko zote, zinamwagwa jukwaani kuanzia saa 1 jioni. Mwaka mzima jua la Dar huzama kati ya saa 12 na saa 1, na utusitusi wa kwetu ni mfupi, kama dakika 20 hivi. Mtu akiingia ukumbini baada ya hapo hana mwanga mwingine ila huo aliopangiwa na fundi taa. Na zambarau haina huruma kwa ngozi nyeusi: weusi wenye joto, ule unaoshika mng'ao wa kahawia kwenye paji la uso, hugeuka bluu iliyokufa, na kazi ya darizi kwenye gauni huyeyuka ikawa doa moja. Ukizipanga albamu tatu za harusi tatu tofauti mezani, ni keki tu inayokuambia ipi ni ya nani.

Si kwamba jiji halina mahali. Kanisa la Azania Front, lililoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1898, bado linatazama bandari kwa mnara wake na mapaa mekundu. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililokamilika mwaka 1902, liko hatua chache tu. Boma Kongwe, la mawe ya matumbawe tangu miaka ya 1860 zama za Sultani Majid, limesimama Sokoine Drive, na Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1893 ina miti inayochuja jua la mchana bila kudai malipo ya fundi taa. Msafara wa harusi hupita hapo ukipiga honi, na matarumbeta juu ya gari, kuelekea ukumbini.

Vingine vimekwenda. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo na Ilala, zenye baraza mbele ambako bibi harusi alitolewa kwa vigelegele mbele ya mtaa mzima, zimebomolewa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa ya vioo. Kule Unguja, Beit al Ajaib ya Sultani Barghash, iliyojengwa mwaka 1883 na ambayo roshani zake zimo nyuma ya picha za maharusi wengi waliosimama Forodhani, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili.

Wazee waliojua mtaa upi unapata mwanga saa ngapi wanapungua, na hakuna aliyewaomba waandike. Vijana wanaowarithi wana kamera kali kuliko zote zilizowahi kufika mjini. Wiki nzima baada ya harusi hukaa mbele ya kompyuta wakiitoa zambarau usoni mwa bibi harusi, uso baada ya uso, picha baada ya picha, rangi ambayo ingeondoka kwa kumwomba fundi taa azime taa mbili.