Giza Kama Kanuni: Jinsi Butcher Bay Ilivyotengenezwa

Ukiingia kwenye kibanda cha PlayStation mjini Migori, Rongo au Homa Bay, mara nyingi utakuta watu wanacheza mpira. Sababu iko wazi. Mechi huisha haraka, wawili hucheza pamoja, na aliyelipia zamu huimaliza kabla stima haijapotea. Gemu ya kunyata peke yako, ambayo unaiona kupitia macho ya mhusika na inayodai subira ya saa kadhaa, haipati nafasi kubwa hapo. Hata hivyo, anayetaka kujua gemu nzuri hujengwa vipi aifungue moja ya aina hiyo: The Chronicles of Riddick: Escape from Butcher Bay, ya mwaka 2004.

Wakati huo gemu zilizotokana na filamu zilikuwa na jina baya, kwa kuwa nyingi zilitengenezwa mbiombio ili zitoke pamoja na filamu. E.T. ya Atari, ya mwaka 1982, iliandikwa kwa takriban wiki tano ili iwahi Krismasi, na hadi leo hutajwa kama mfano wa hasara. Studio ya Starbreeze ya Uppsala, Uswidi, ikishirikiana na Tigon, studio ya mwigizaji Vin Diesel, ilipita njia nyingine. Filamu ya mhusika Riddick ilitoka mwaka huohuo wa 2004, lakini gemu haikuirudia. Ilirudi nyuma, kabla ya matukio ya filamu ya Pitch Black ya mwaka 2000, ikasimulia jinsi Riddick alivyotoroka gereza la Butcher Bay. Kutoka kwenye filamu ilichukua sifa moja ya mhusika, macho yanayoona gizani, na juu ya sifa hiyo ikajenga kanuni ya mchezo mzima.

Kanuni hiyo ilihitaji giza la kweli. Katika gemu nyingi za zamani, vivuli vilichorwa mapema ukutani na havikubadilika. Hapa mwanga na vivuli hukokotolewa papo hapo: ukiipiga taa risasi, pembe iliyokuwa wazi inageuka maficho. Wavuvi wa omena wa Mbita na Muhuru wanalijua jambo hili vizuri. Usiku usio na mbalamwezi, aliye karibu na taa haoni kilicho gizani, ilhali aliye gizani anamwona yeye waziwazi. Butcher Bay nzima imesimama juu ya tofauti hiyo.

Tazama ukumbi mmoja wenye mlinzi na taa. Riddick anainama, anaingia kivulini, na skrini inapata rangi ya samawati. Hiyo ndiyo ishara pekee kwamba amejificha. Hakuna kipimo wala ramani pembeni. Mchezaji anasubiri mlinzi ageuke, anamvamia kwa nyuma, kisha anauburuta mwili hadi gizani, kwa sababu mwenzake akiuona atapiga kelele. Kila hatua inamlazimu mchezaji kujiuliza mwanga unafika wapi.

Ustadi zaidi uko katika yale ambayo watengenezaji walimnyima mchezaji. Macho ya Riddick hayapatikani mwanzoni. Kwanza unapita kwenye mahandaki ukitegemea tochi, ukiogopa kila kona, ndipo unapewa uwezo wa kuona gizani. Uwezo wenyewe una gharama: ukielekeza macho hayo kwenye mwanga mkali, skrini inakuwa nyeupe na huoni kitu. Bunduki za walinzi nazo zimefungwa kwa vinasaba vyao, na Riddick akiokota moja anapigwa na umeme. Jibu rahisi la kufyatua risasi limeondolewa kwa sehemu kubwa ya mwanzo, kwa hiyo lazima utumie ngumi, kisu na akili. Hata uhai huonekana kama vijisanduku vyeupe pale tu unapoumia. Ukitazama chini unaiona miguu yako mwenyewe.

Baadhi ya waliofanya kazi Starbreeze walianzisha MachineGames mwaka 2009, papo hapo Uppsala. Desemba 2024 studio hiyo ilitoa Indiana Jones and the Great Circle, hadithi ya mwaka 1937 iliyowekwa kati ya filamu ya kwanza ya 1981 na ile ya 1989. Njia yao ni ileile. Sifa ya Indiana ni kujinasua kwa chochote kilicho karibu, nayo ndiyo iliyokuwa kanuni. Mjeledi ni wake, lakini fagio au nyundo anaokota njiani, na baada ya mapigo machache huvunjika. Mavazi ya kujifanya mtu mwingine huwapumbaza askari wa kawaida, ila maofisa humtambua. Bastola anayo, lakini mlio wake huwaita wote.

Tofauti kubwa iko kwenye mashine. Butcher Bay ilianzia kwenye Xbox ya kwanza, yenye kumbukumbu ya megabaiti 64. Great Circle kwenye kompyuta inadai kadi ya picha yenye gigabaiti 8 na uwezo maalumu wa kukokotoa miale ya mwanga. PlayStation 4 haiichezi, na kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini haiwezi hata kuianzisha. Mashine imekuwa ghali, lakini wazo lililotangulia lilitosha ndani ya megabaiti 64.

Ndiyo maana naiona Butcher Bay kama somo kwa wanafunzi wa programu katika Chuo Kikuu cha Rongo na Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Gemu ya kutazama kwa macho ya mhusika si ndoto ya mbali: Andrew Kaggia, aliyetengeneza katuni ya Wageuzi, aliitoa Nairobi X hapa Kenya mwaka 2015. Anayeanza asihangaike na ulimwengu mkubwa wala kadi ya bei mbaya. Achague mhusika, amtafutie sifa moja inayomtofautisha na wengine, kisha aandike chumba kimoja ambacho hakivukiki bila sifa hiyo. Chumba hicho kikimfanya mchezaji afikiri, gemu imeshapatikana.